Mbwa Aliyemsikilizia Mjomba Hodi

Enzi zetu, hodi ilikuwa hodi. Mtu alisimama uwanjani, mbali na mlango, akapaza sauti. Asipojibiwa alirudia, na asipojibiwa tena aligeuka akaenda zake bila kinyongo. Hakuna aliyesukuma mlango wa mwenzake. Nyie wenzangu mliokulia Handeni na Korogwe miaka ile ya foleni ya sabuni mnanielewa. Watoto wetu wa leo hata niwaeleze vipi wananitazama tu, maana mgeni wao hujitangaza kwa simu akiwa getini: "Niko nje, fungua."

Sasa fikirini mtu asiyesikia anaishi vipi katika nchi ya hodi. Mtu huyo alikuwa Mjomba Athumani, mdogo wake mama, tumbo moja. Aliugua homa kali akiwa kijana wa ndevu za kwanza. Mwenyewe akapona, masikio hayakupona. Kuongea aliongea kama sisi, ila kipimo cha sauti kilimtoka. Akitaka kumnong'oneza mtu siri, kijiji chake chote cha Kwamsisi kiliipata. Siku moja harusini alimnong'oneza mama kwamba pilau limeungua, na wapishi wakatunyima nyama mpaka tunaondoka.

Sisi tuliishi Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, kwa sababu baba alikuwa fundi pale kituoni. Likizo ikifika, mama alinishika mkono tukapanda basi hadi Segera, tukanunua machungwa pale njia panda, tukaendelea hadi Mkata, na hapo tukasubiri lori lolote la kwenda Kwamsisi. Tulisafiri juu ya magunia, na nilikuwa nafika nina vumbi hadi kwenye kope. Kwa mjomba hapakuwa na umeme wala bomba, lakini likizo ile nisingeibadilisha na chochote. Asubuhi tulikula viazi vitamu vilivyolala jivuni, ganda limeungua na ndani tamu kama asali. Mchana bada, ugali wa muhogo, kwa mlenda, ule wa kuvutika hadi kidevuni. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama anaita kwa sauti ya mwisho, ile ambayo ukiichezea unalala na mgongo wa moto.

Mjomba aliishi peke yake. Mkewe alifariki mapema na watoto hawakujaliwa. Alilima mahindi na mbaazi, na jua likiwa kali alikaa barazani akichonga mipini ya majembe, halafu akaingia ndani kujinyoosha. Kwa ajili ya wageni alibuni kamba. Alichukua kamba ya katani, zile za mkonge wa huku kwetu, akaipitisha kwenye tundu la ukuta wa udongo. Ncha moja ilining'inia nje mlangoni, nyingine aliifunga kiunoni. Mgeni alipiga hodi kwa heshima tu, kisha akavuta.

Sisi watoto, hamkosi kujua tulifanya nini. Tulivuta tukakimbilia kwenye mihogo. Mjomba alitoka, akautazama uwanja mtupu, akatangaza kwa sauti yake ile: "Mashetani wa kijiji hiki wana njaa! Wakirudi nitawawekea miwa!" Na kweli tulirudi tukaikuta miwa imekatwakatwa vipande, imepangwa juu ya kinu. Mtoto wa leo ukimwekea muwa anakuuliza una kisu gani cha kuumenyea. Meno anayo, kazi yake ni kuyapiga picha.

Mbwa alitoka kwa majirani zetu wafugaji wa kule uwandani. Mama Nasieku, mke wa boma la karibu, alimletea mjomba maziwa kila asubuhi, na mumewe ndiye aliyempa mjomba kitoto cha mbwa, jike la rangi ya udongo, sikio moja limekunjika, ili alinde mahindi dhidi ya ngiri na nyani. Kitoto kile kililala mlangoni, na mlangoni ndipo penye kamba. Kikaona kwamba kamba ikivutwa, mtu mkubwa anatoka, na akitoka mara nyingi kuna kitu cha kula kinaanguka. Basi kikaanza kuvuta chenyewe. Baadaye kikaelewa kwamba kabla ya kamba huja hodi. Hakuna aliyemfundisha. Kufikia mavuno, mtu akisema hodi tu, lile sikio zima linasimama, mbwa anakwenda, anaiuma ncha ya kamba na kuvuta. Baada ya hapo akaongeza na mengine kwa akili zake: matone ya kwanza ya mvua wakati mahindi yameanikwa, mtu anayeita kutoka kisimani, na adhana. Msikiti haukuwa na kipaza sauti. Mwadhini akianza alfajiri, mbwa anavuta.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu sisi Waislamu wa Kizigua, mbwa wa kulinda shamba si ajabu. Lakini mbwa wa kukaa mlangoni, tena wa kumwamsha mtu kwenda kusali! Mjomba akampa jina kabisa: Watasema. Wakasema kweli, na yeye hakusikia.

Aliyekuja kulimaliza ni Mwalimu Shabani, aliyetufundisha Kurani chuoni. Alikaa barazani, akakataa chai kwanza, akamtazama Watasema kwa muda mrefu. Kisha akamweleza mama, na mama akamfikishia mjomba kwa ishara zao za nyumbani. "Akiwa mkavu na wewe mkavu, hakuna neno," alisema. "Shida ni majimaji yake. Na hiyo kamba anaishika kwa mdomo." Akainuka, akaishika kamba mahali pakavu, akapiga fundo kubwa lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. "Chini ya fundo ni kwa mbwa. Juu ya fundo ni kwa watu." Halafu akaomba chai yake.

Tuliishi kwa sheria ile. Watasema alikuwa na kigae chake cha chungu cha kulia, na fundo lilikuwa mpaka ambao hata mtoto wa miaka mitatu aliujua. Kupe tulimtoa kila Ijumaa, kwa vidole vikavu kwenye manyoya makavu, tukawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Akipata upele tulimwogesha maji ya mwarobaini kwa kumwagia kutoka mbali, yeye akijikung'uta na sisi tukipiga kelele na kutawanyika. Bwana mifugo akitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa kule kwenye josho la ng'ombe, mjomba alimpeleka mwenyewe, amevaa koti kama anakwenda barazani kwa mkuu wa wilaya. Mdomo wake tu ndio hatukuugusa. Mate yakikupata ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na kisima kilikuwa mbali.

Mama hakuwahi kutulia juu ya mdogo wake. Alikuwa na kauli yake ambayo tuliisikia mpaka tukaikariri: "Nina mdogo mmoja tu, sina wa akiba." Aliridhika mjomba abaki Kwamsisi kwa sababu moja, nayo ilikuwa na miguu minne na mkia.

Nilikuwa darasa la tano tulipofika likizo ya kiangazi tukamkuta Watasema hayuko sawa. Mama Nasieku alipiga hodi na maziwa yake, mbwa akainua kichwa, akakitikisa, akalala. Kamba haikuguswa. Alikuwa anatikisa kichwa kutwa, anakiegemeza upande, na udenda unamtoka kwa wingi, hata sisi watoto tukawa tunapita mbali naye kuliko kawaida. Mama akachungulia masikio yake, akakuta kupe wawili. Basi, ugonjwa ukawa umejulikana. Akatiwa mafuta ya nyonyo ya vuguvugu masikioni kwa unyoya wa kuku. Jirani mmoja akasema tumfukizie. Mwingine akasema amezeeka, kiziwi kamwambukiza kiziwi mwenziwe, na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba. Mchana mmoja mama na mimi tulikuwa kisimani, tukaona moshi umesimama upande wa kwetu. Moto wa shamba la jirani ulikuwa umevuka mpaka. Watu walikuwa wanapiga mayowe kutoka kila upande, na mjomba alikuwa ndani amejinyoosha, kamba kiunoni, amelala usingizi wa mtu asiyesikia kitu. Mama alitupa ndoo. Sijawahi kumwona mama akikimbia vile, si kabla wala baada. Tulipofika, moto ulikuwa unakula banda la kuku, hatua chache kutoka kwenye paa la makuti. Watasema alikuwa amekaa pale pale kwenye kamba, anaitazama, analia kwa sauti nyembamba. Mama akampita, akaingia ndani, akamvuta mdogo wake nje kwa shati.

Moto ulizimwa kwa matawi na mchanga. Kuku wengine walipona. Lakini mama alikaa chini uwanjani, na alipoinuka alikuwa ameshaamua. Alimshika mjomba uso kwa mikono miwili ili amtazame, akafumba ngumi na kuifumbua vidole vyote, ishara yao ya Hale, mahali pa taa. Kisha akamwonyesha mbwa, akagusa sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa. Kama mbwa hasikii, wewe hukai hapa.

Mjomba hakubishana. Hilo ndilo lililoniumiza. Lori la Jumamosi lingetupeleka Mkata sote watatu, na sanduku lake la bati likatolewa uvunguni, likapangwa mashati mawili, kanzu, na koti la chanjo. Nilimjua mjomba. Hale angekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya shirika, hana shamba, hana mti wa kuchonga, watu wanampita na kumpungia mkono kama mtoto. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ingeliwa na mchwa. Na Watasema tungemwacha, maana nyumba za shirika hazikuruhusu mbwa. Usiku ule nililala na kanga mdomoni ili mama asinisikie nalia.

Asubuhi yake mjomba alikaa barazani, hana mpini mkononi, anamtazama mbwa wake. Mtu asiyesikia anatazama kuliko sisi, nadhani macho yanafanya kazi ya ndugu zao. Alimrushia kipande cha muhogo mkavu. Watasema akakichukua kwa upande mmoja wa mdomo, akainamisha kichwa, akakidondosha. Mjomba akamwekea uji kwenye kigae. Akaulamba wote. Akamrushia muhogo tena, na tena akaudondosha. Mjomba akasimama, akakunja mikono ya shati hadi mabegani, akasema kwa sauti iliyofika hadi msikitini: "Leteni maji! Na udongo safi! Leteni mengi!"

Hatukuelewa. Tulileta. Mwalimu Shabani alikuwa ndiyo kwanza anaingia uwanjani kutupa pole ya moto, na Mama Nasieku alikuwa anamimina maziwa. Mbele yetu sote mjomba akapiga magoti, akamkumbatia Watasema kichwa, akampanua mdomo kwa mikono yake miwili, akaingiza vidole.

"Athumani, mate!" mama akapiga kelele, kana kwamba mjomba angesikia. Hata angesikia asingeacha.

Mbwa alilia. Alifunga meno kwenye mkono wa mjomba lakini hakuuma, aliushika tu, kama mtu anavyoshika nguzo akitolewa mwiba. Mama Nasieku akaweka kibuyu chini, akaja kumshika miguu ya nyuma. Na mjomba akatoa uzi. Uzi wa katani, mrefu, mwekundu kwa damu, uliokuwa umejisokota kwenye jino la nyuma na kuzama ndani ya ufizi. Ukafuata mwingine. Usaha ukatoka, na harufu yake ikatufikia mpaka tuliposimama.

Masikio yake yalikuwa mazima muda wote. Alisikia kila hodi. Alisikia mayowe ya moto, akakimbia kwenye kamba, na kamba ndiyo iliyomchoma. Tulimtibu masikio kwa sababu kazi yake ilikuwa masikio, na mdomoni hatukutazama kwa sababu mdomoni ndipo tulipojifunza kutotazama. Udenda uliotuita ndio uliotukimbiza. Sheria ya fundo haikuwa na kosa. Sisi ndio tuliofanya maji mara saba yaonekane kama safari ya Makka.

Watasema alipoachiwa, alijikung'uta, kisha akamlamba mjomba. Shavu, pua, paji la uso, kila mahali, miaka yote ya adabu ikaisha kwa mara moja. Mjomba alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na sote tulikuwa tunalia, hata Mwalimu alikuwa anaangalia pembeni. Halafu akaikunja kanzu yake, akachukua kata ya maji, akammiminia mjomba mwenyewe. Udongo kwanza, kisha maji, huku akimwonyesha hesabu kwa vidole ili aione: mbili, tatu, nne. Alipomaliza saba akamgeukia mama. "Maji yapo, udongo upo," alisema. "Basi tatizo liko wapi?"

Bwana mifugo alifika siku iliyofuata kwa baiskeli. Alimchoma mbwa sindano, akatuonyesha namna ya kumsuuza ufizi kwa maji ya chumvi, akamsifu mjomba kwa kuutoa uzi mapema. Aliishika kamba, akaitazama ile ncha iliyochakaa na kutoka nyuzi, akasema mbwa atapona, ila hiyo katani isimrudie mdomoni.

Mama akaingia ndani. Alitoka na kanga yake ya Idi, ile ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuikalia. Akaing'ata pindo, akaipasua kwa urefu vipande vitatu, akakaa chini akaisuka kama anavyonisuka mimi nywele, akanyoosha mkono akaikata katani chini ya fundo na kuunga msuko ule mahali pake. Lakini sanduku lilibaki limepangwa mlangoni, na Jumamosi ikaja.

Tulikuwa tumeshavaa viatu. Mjomba aliingia ndani kuchukua kofia yake, na mama, sijui kwa nini, akamfuata akamfunga kamba kiunoni. Akarudi nje tukakaa barazani. Ndipo Mama Nasieku alipotokea njiani na kibuyu. Akatuona tulivyokaa, akaelewa, akasimama mbali kabisa na mlango, mahali pa mgeni.

"Hodi!"

Sikio likasimama. Watasema akainuka, akaikaribia kamba, akainusa kanga ya mama. Akaitazama. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama na nilihisi vidole vyake vinanibana mpaka mfupa. Kisha mbwa akaiuma, polepole, kwa upande mzima wa mdomo, akavuta.

"Karibu!" mjomba akanguruma kutoka ndani. "Karibu sana!"

Mama akafungua sanduku la bati. Akatoa shati la kwanza, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari wake. Lori lilipokuja tulipanda wawili tu, kama tulivyokuja, na mama alilia hadi Mkata huku akijisemea kwamba kanga ile rangi yake haikumpendeza hata hivyo. Mjomba aliishi kwenye nyumba yake mpaka uzee wake, na baada ya Watasema alifuga mtoto wake, na baada yake mjukuu wake. Kila mmoja alivuta kanga ya mama, na kila Ijumaa, baada ya kupe, mjomba alikunja shati na kumpanua mdomo.

Leo naishi Korogwe mjini, na masikio yangu yameanza kunisaliti. Mwanangu Mwanaidi amenipa simu inayotetemeka na kuwaka taa, nami naishukuru, ila mara nyingi inatetemekea kwenye mkoba chumbani na mimi niko jikoni. Kwa hiyo nimechukua mbwa. Mwanaidi na wenzake mbwa wao wana majina ya wachezaji wa Ulaya, wanaoshwa kwa shampuu, wanavalishwa fulana, na mwizi akija wanamtingishia mkia. Niliwacheka sana. Lakini haki ya mtu mpe: siku hizi ukimpigia daktari wa mifugo anakuja na pikipiki siku hiyohiyo, chanjo ina kadi, na dawa ya kupe ni ya kudondoshea shingoni tu. Na Ijumaa iliyopita nimemkuta huyo Mwanaidi wangu wa kucha ndefu amepiga magoti uani, amempanua mbwa mdomo anamchungulia meno, pembeni yake kuna ndoo ya maji na bakuli la udongo. Sikumwagiza. Alikuwa amenisikia tu nikisimulia.

Kamba nimeshaipitisha dirishani. Fundo nimelipiga kubwa, na chini yake nimesuka kanga, nzuri, si ya kudekia. Mbwa ni mwepesi, anajifunza. Kinachomkosesha kazi ni nyie. Mnafika getini mnabonyeza simu, na mnyama wa watu anakaa kutwa nzima sikio limesimama, anangoja neno ambalo halisemwi tena. Kwa hiyo mkipita Korogwe, simu iacheni mfukoni. Simameni mbali kidogo na mlango, mpaze sauti kama zamani. Nitatoka.